Matuta ya Mpakani

Kiazi mviringo kikioza hakinuki kama tunda. Embe lililooza lina utamu uliopitiliza, na ndizi iliyooza hunukia pombe. Kiazi kinanuka kama kitu kilichowahi kuwa na damu. Juzi hapa Dodoma nilifungua mfuko niliousahau chini ya meza ya jikoni, na harufu ile ikanipanda puani kabla sijaona chochote. Mwanangu alikimbilia uani amejiziba pua. Mimi nilibaki nimeinama palepale na mfuko wangu mkononi, nimerudi Rungwe, miguu imezama kwenye tope jeusi, mvua inanipiga mgongoni, na mbele yangu yupo mama ameshika panga, anafyeka shamba lisilo lake.

Habari hii sijawahi kuisimulia yote. Kwetu ilikuwa haisemwi. Ninyi mnaonisoma hamnijui wala hamwajui wazee wangu, kwa hiyo naona naweza kuisema.

Baba alikuwa mtunza stoo wa shirika moja la umma mjini Mbeya. Tuliishi kwenye nyumba ya shirika, yenye umeme, na nyuma yake kulikuwa na karakana ambayo milio yake ndiyo iliyotuamsha kila asubuhi. Kisha ikaja miaka ile ya soko huria. Madukani vikajaa vitu ambavyo tulikuwa tunavisikia tu, sabuni za kunukia, redio, viatu vya mitumba vilivyopangwa chini kama samaki, na wakati huohuo karakana ikanyamaza. Wakubwa wakasema baba amepunguzwa kazini. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, na kila jioni baba aliporudi kutafuta kazi nilimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani nione amepungua wapi. Baadaye nilianza kuona. Alipungua sauti.

Tulipoamriwa kuhama nyumba ya shirika, baba alisema tunakwenda kwao. Kwao ni juu kidogo ya Igogwe, kwenye migomba na mabonde, mahali ambapo ukiuliza mvua inaanza mwezi gani watu wanakutazama tu. Mvua ya kule haisubiriwi, inavumiliwa. Sisi watoto tulipajua kwa jina. Tulikuwa wawili, mimi Atupele na mdogo wangu Lugano, ambaye bado alibebwa mgongoni. Mama ndiye hakupajua kabisa. Alikuwa Mpare, amezaliwa milimani kule Same, alikutana na baba alipokuwa chuoni, na Kinyakyusa alichokijua ni neno moja, ndaga, ambalo ni asante. Alilitumia kwa kila kitu. Mtu akimtukana kwa lugha asiyoijua, anasema ndaga.

Aliyetupokea ni baba mkubwa, kaka yake baba, mzee Ambakisye. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono mirefu kama mipini ya jembe, na alikuwa mzee wa kanisa aliyeaminika. Alitupa chumba kimoja kwenye nyumba ya zamani ya marehemu bibi. Kesho yake asubuhi akatupeleka kuonyeshwa shamba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya pili haikuisha.

Shamba lenyewe lilikuwa chini ya lake. La kwake lilikaa kwenye mteremko mzuri, udongo mweusi unaopukutika, na matuta yake ya viazi yalishuka moja kwa moja kutoka juu hadi chini kama mistari ya daftari. Mistari yote hiyo iliishia kwetu. Mvua ikinyesha, kila mfereji ulio kati ya tuta na tuta uliteremsha maji na kuyamwaga kwenye kipande chetu, ambacho kilikuwa kama bakuli. Hata siku isiyo na mvua ungekanyaga pale ukasikia udongo unanyonya mguu.

"Hapa ndipo penu," baba mkubwa alisema, kwa Kiswahili, ili mama aelewe. "Wengine hata hapa hawana."

Mama akasema ndaga. Safari hii nadhani alijua anachokisema.

Kipindi hicho kila mtu aliingia kwenye viazi. Kahawa ilikuwa imewachosha, ushirika uliokuwa ukileta mbolea na dawa ulikuwa umebaki jengo lenye kufuli, na badala yake yalikuja malori kutoka Dar es Salaam na madalali waliojaza viazi kwenye gunia mpaka likavimba kichwa, lile lumbesa mnalolijua. Aliyekuwa na viazi vizima malori yakija alikuwa mtu. Asiyekuwa navyo alikuwa mtazamaji. Sisi tulifika tukiwa watazamaji, na mama alisema waziwazi kwamba hataki watoto wake wazoee hali hiyo.

Kule kwao Upare mama alikua akiona mifereji ikichimbwa kuleta maji shambani. Hapa alichimba mfereji kuyafukuza. Aliuchimba juu kabisa ya shamba letu, sambamba na mpaka, ili maji ya baba mkubwa yakifika yageuzwe pembeni na kushukia korongoni. Baba alimsaidia siku mbili tatu, kisha mgongo ukamshinda, au labda ni macho ya kaka yake. Mimi nilibeba udongo kwa karai. Ulipokamilika, mvua ya kwanza ikashuka, na tukasimama mlangoni mwa shamba tukiyaangalia maji yanafika mpakani, yanasita, yanageuka. Mama alicheka peke yake. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Mbeya.

Asubuhi yake tuliukuta mfereji umefukiwa. Si wote, mahali pawili tu, lakini ndipo palipotosha. Alama za jembe zilikuwa mbichi. Mama aliufukua. Ukafukiwa tena. Safari hii mama alikwenda hadi uani kwa baba mkubwa na mimi nikiwa nyuma yake, akapiga goti kama desturi ya kule inavyotaka mwanamke amsalimu mkubwa, na akiwa bado chini akasema, "Shemeji, mfereji unafukiwa."

Baba mkubwa alikuwa anamenya muwa. Hakumtazama. "Maji yana njia zake tangu enzi za baba yetu," alisema. "Wewe umekuja na njia mpya. Nani alikuita?"

"Mdogo wako alinioa."

"Mdogo wangu." Alitema makapi ya muwa. "Miaka yote hiyo mjini, hata barua ya kuuliza kama mama yetu anakohoa haikuja. Leo ni mdogo wangu."

Nilidhani anasema uongo, kwa sababu baba yangu alikuwa mtu mwema. Ukiwa mtoto hujui kwamba mtu mwema anaweza kukaa miaka bila kuandika barua.

Basi ikawa hivyo masika nzima. Wao wanafukia, mama anafukua. Alipanda hivyohivyo, akainua matuta marefu kuliko ya mtu yeyote, yanafika karibu na kiuno changu, ili mizizi ikae juu ya maji. Watu waliopita njiani walisimama kuyacheka. Walisema Mpare anazika wafu. Mimi na mama tuliamka mapema kuokota sota, wale funza wanene wa kijivu wanaokata mche chini usiku na kujificha kwenye udongo palepale penye kosa lao. Unachokonoa kidogo kwa kijiti, unamkuta amejikunja kama mtu anayejifanya amelala. Nilikuwa nawatia kwenye kopo la maziwa na kuwapelekea kuku. Nikiri kwamba nilifurahia kazi ile. Nilikuwa na hasira nyingi mwaka ule na sota walikuwa wadogo kuliko mimi.

Rafiki yangu pekee alikuwa Subilaga, binti wa baba mkubwa, tuliyelingana umri. Alinifundisha Kinyakyusa, kuanzia matusi, na mimi nilimfundisha nyimbo za redioni. Tulikutana mpakani, yeye upande wake na mimi wangu, tukigawana mahindi ya kuchoma, wakati wakubwa wetu hawasalimiani.

Viazi vilipoanza kutoa maua, ulikuja ukungu. Siyo ule wa asubuhi unaotanda mabondeni, ingawa wote wawili wana jina moja na hupenda kutembea pamoja. Huu ni ugonjwa. Unaanza na doa moja kwenye jani, kama limemwagikiwa maji ya moto. Kesho doa limekuwa jeusi, na ukiligeuza jani unaona chini yake utando mweupe kama vumbi la unga. Siku chache za mvua na baridi, shamba zima linalala kama limepitiwa na moto, na harufu ile inaanza.

Ulianza kwa baba mkubwa, kwenye matuta yaliyopakana na sisi. Mama aliuona kabla yake. Alikwenda Tukuyu mjini kutafuta dawa na akarudi na mfuko wa plastiki usio na maandishi yoyote, wenye unga wa bluu ambao muuzaji alisema ni mrututu. Zamani dawa ililetwa na ushirika na mtu wa kukuelekeza. Sasa kila mwenye meza aliuza dawa, na iliyo dawa na iliyo unga wa ngano zilipimwa kwa kijiko kilekile. Bomba la kupulizia lilikuwa moja tu pale kwetu, la baba mkubwa, na halikuazimwa. Mama akakata fungu la majani, akawa analichovya kwenye ndoo na kurashia matuta, kama padri anayebariki. Vidole vyake vilikuwa vya bluu kwa wiki kadhaa. Alirasha asubuhi, mvua ikaosha mchana, akarasha tena.

Siku moja jioni alimwomba baba aende kwa kaka yake. "Mwambie ayang'oe yale matuta ya mpakani. Yameshakufa. Upepo ukivuma ugonjwa unaturukia sisi."

Baba alikwenda. Alirudi haraka. "Amesema viazi vyake havihitaji mganga."

"Na wewe ukasema nini?"

Baba alivua viatu, akavigonga kuondoa tope, kimoja halafu kingine. Mama alimtazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na mvua nyepesi ya kudumu. Mama alimwacha Lugano kwa baba, akachukua panga na kuniambia nije. Nilidhani tunakwenda kwenye sota. Tulipofika juu ya shamba tulikuta doa la kwanza. Lilikuwa kwenye tuta letu, la kwanza kutoka mpakani, jani moja tu. Mama alilichuma, akaligeuza, akaona unga mweupe. Kisha akaruka mfereji.

Alianza tuta la kwanza la baba mkubwa na kulifyeka usawa wa udongo, kila shina, kisha la pili, na alikuwa anaongea Kipare, lugha ambayo hakuitumia nyumbani kwa sababu hatukuijua. Aliniambia nikusanye majani yote na kuyatupa korongoni. Nilikusanya. Yalikuwa yameloa na yanateleza, yananuka, yanashikamana na mikono. Hakugusa viazi vilivyokuwa chini ya udongo, wala hakuwa na haja navyo. Yeye alitaka majani yatoke mbele ya macho yake. Alifyeka matuta yote ambayo ugonjwa ulikuwa umeyaangusha, na nadhani alifyeka na mengine ambayo hayakuwa yameangushwa sana. Watu walianza kusimama njiani. Hakuna aliyecheka. Kufyeka mazao ya mtu mwingine kwetu ni jambo ambalo hata walevi hawalifanyi.

Baba mkubwa alikuja akiwa na koti la mvua na akasimama juu ya mteremko. Nilitegemea apige kelele. Alisimama tu hadi mama alipomaliza na kunyoosha mgongo, wakatazamana, mama anatweta, panga lina majimaji ya kijani.

"Mmeona, watu wote," alisema taratibu. "Mimi simgusi mwanamke wa mdogo wangu. Tutakwenda ofisini."

Baraza lilikaa ofisi ya kijiji, kwenye mabenchi, na mvua juu ya bati ilifanya kila mtu aseme mara mbili. Nilichungulia kwenye upenyo wa dirisha pamoja na Subilaga, ambaye bado siku ile alinishika mkono. Mama hakukana. Alipoulizwa kwa nini, alisema, "Yalikuwa yanatuua." Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu mnene mpole aliyependa mambo yaishe kabla ya chakula. Alishauriana na wazee, akakohoa, akasema uamuzi. Aliyekata akae na alichokikata. Yale matuta yaliyofyekwa yawe ya Mama Atupele, ayachimbe mwenyewe apate atakachopata. Na aliyekatiwa aingie shamba la Mama Atupele achague, tuta kwa tuta, yaliyo bora, yawe yake.

Watu waliguna kuridhika. Ilikuwa hukumu nzuri kwa watu wanaolipima shamba kwa majani yake. Baba mkubwa aliteremka siku hiyohiyo, mbele ya mashahidi, akachagua matuta yetu ya juu, yale marefu, yaliyosimama kijani kibichi na maua yake meupe. Aliyapitia moja moja akiyagusa kwa fimbo. Mama alisimama na mikono yake ya bluu akiangalia. Baba alikuwepo. Alikuwa anaangalia mlima Rungwe, ambao siku ile haukuonekana.

Sitawachosha na wiki zilizofuata. Ukungu ulivuka mpaka bila kuuliza mpaka ni wa nani. Baba mkubwa aliyapulizia matuta aliyoyachagua kwa bomba lake, asubuhi na jioni. Mama alirasha yaliyobaki mpaka mfuko wa bluu ukaisha. Yote yalikwenda. Kijani kile kilichokuwa kinasifiwa kiligeuka cheusi, kikalala, na mvua ikaendelea kunyesha juu yake, ikiuosha ugonjwa kutoka kwenye majani na kuushusha chini kwenye udongo, hadi kwenye viazi vyenyewe. Hilo la kushuka nimelijua ukubwani. Wakati ule hakuna aliyelijua pale.

Siku ya kuchimba baba mkubwa alikuja na watoto wake wa kiume na magunia mapya. Jembe la kwanza liliinua udongo na harufu ikatangulia. Viazi vilikuwa vikubwa, vizuri kwa nje, ukivishika kidole kinazama. Walichimba tuta zima, wakahamia jingine, kimyakimya, kwa haraka zaidi na zaidi, kama watu wanaotafuta kitu kilichodondoka. Yetu yaliyobaki yalikuwa vivyo hivyo. Mama alichimba machache, akaacha.

Kisha, bila matumaini yoyote, akapanda juu kwenye yale matuta aliyoyafyeka, ambayo yalikuwa yameota magugu. Nilikuwa naye. Alichoma jembe, akageuza. Viazi vilitoka vidogo, vingi vya ukubwa wa yai la kuku, maana vilikatwa kabla ya kukua. Lakini vilikuwa vigumu. Mama alichukua kimoja, akakipangusa kwenye kanga, akakivunja kwa meno. Kilikuwa cheupe hadi katikati. Akachimba kingine, na kingine, na tuta lililofuata. Hakuna kilichooza. Aliketi chini kwenye tope, akavitazama.

Chini, baba mkubwa alikuwa amesimamisha kazi na anatuangalia.

Alipanda taratibu, wanawe nyuma yake na majembe yao. Sikuwahi kumwona mtu mzima mwenye uso kama ule, uso wa mtu aliyedanganywa na asiyeweza kusema alidanganywa lini. Akaokota kiazi kutoka kwenye lundo letu, akakigeuzageuza.

"Hili ni shamba la baba yangu," alisema. "Hivi ni viazi nilivyopanda mimi. Tunavirudisha."

Hapo ndipo baba alipokuja. Alikuwa ametokea njiani na Lugano begani, na alitembea hadi kwenye lundo la viazi akasimama kati ya kaka yake na mama.

"Kaka, ulichagua mwenyewe," alisema. "Mbele ya watu."

"Alijua. Angejuaje hivi vitapona na vingine vyote vya kijiji vioze? Wewe umeingiza nini humu? Huyu mwanamke si mtu."

Baba alimweka Lugano vizuri begani. Nilisubiri aseme kwamba mama ni mtu kama watu wengine, mwalimu wa shule ya Jumapili kule Mbeya, mtu anayeogopa mende.

"Basi nimeoa asiye mtu," baba alisema. "Na anaishi hapa. Kama unataka viazi vyake, muombe yeye."

Baba mkubwa alimgeukia mama. Mama alikuwa bado ameketi kwenye tope, nywele zimelowa, vidole vya bluu, kiazi chenye alama za meno mkononi. Alimtazama tu. Na yule mzee mrefu, mzee wa kanisa, akaweka kiazi chini polepole, kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota cha nyoka, akaondoka.

Lori lilipokuja, vilivyo vizima vilikuwa vyetu na vya watu wachache sana. Tulikula, tukavaa, tukabaki na mbegu. Lakini kilichofuata ndicho kilichoniumiza mimi. Wanawake kisimani walimpisha mama achote kwanza, siyo kwa heshima. Shuleni dawati langu lilikuwa la watu watatu, nikabaki peke yangu. Na Subilaga hakuja tena mpakani. Nilimngoja siku nyingi na mahindi yangu yakapoa. Tulipokutana njiani alivuka upande wa pili, na alipokuwa mbali ya kutosha aliniita kwa neno moja la Kinyakyusa ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha maana yake. Ni mtoto wa mchawi.

Nilikimbia nyumbani nikilia. Nilimsihi mama aende kanisani, asimame mbele ya watu, aseme siyo kweli. Alikuwa anachambua maharage.

"Waache," alisema.

"Lakini siyo kweli, mama."

"Atupele, waache."

Nilimchukia kwa neno lile. Nilimchukia kwa miaka mingi, kimoyomoyo, kama watoto wanavyoweza, huku nikila chakula chake. Mimi niliamini kwamba mama alijua tangu mwanzo. Niliamini alikuwa mwerevu kupita wote, kwamba alifyeka ili kuokoa viazi vya wale waliomdharau, na kwamba ubishi tu ndio uliomzuia kujieleza. Nilipokwenda kusoma na kuwa na marafiki wapya, niliwasimulia hivyo: mama yangu aliyewatendea wema maadui zake na wao wakamwita mchawi. Ilikuwa hadithi nzuri. Marafiki zangu waliipenda.

Baba mkubwa alikufa mimi nikiwa chuoni. Katika mazishi yake, shangazi yetu mmoja mzee alisimulia habari za ujana wa wale ndugu wawili. Alisema baba yao alikuwa na uwezo wa kusomesha mmoja tu, na mkubwa ndiye aliyekuwa na akili zaidi darasani. Mkubwa akasema aende mdogo, yeye atabaki na ng'ombe na jembe. Baba aliinamisha kichwa shangazi aliposema hayo, na hakukiinua hadi tuliposimama kuimba. Nilikumbuka muwa uliotemwa, na barua isiyokuja.

Jioni ya siku hiyo nilimkuta mama ameketi nje amefunga kanga ya msiba kichwani, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza kama mtu mzima anavyomuuliza mtu mzima. Alijuaje kwamba ukikata majani viazi vitapona?

"Sikujua," alisema.

Nilidhani hajanielewa. Nikarudia.

"Sikujua, mwanangu. Nilikuwa na hasira. Nilitaka ugonjwa wake utoke mbele yangu, na nilitaka aumie. Ningejua vile viazi vitapona, nisingevigusa."

Alisema bila aibu na bila majuto, kama anavyotaja hali ya hewa. Nikamuuliza kwa nini basi aliwaacha watu waamini. Kwa nini alituacha tuitwe vile, mimi na Lugano, miaka yote ile.

Mama alifikiri. Ndani watu walikuwa wanaimba, na sauti ya Subilaga, ambaye sasa alikuwa mama wa watoto, ilisikika juu ya sauti nyingine.

"Baada ya siku ile," alisema, "mfereji wangu haukufukiwa tena. Hata mara moja."

Nilikaa kando yake nikiyatafakari hayo. Nilikuwa nimeishi nikidhani mama alikosa neno la kujitetea, kumbe alikuwa nalo na akalikalia. Alikuwa mgeni mwenye watoto wawili, shamba la bakuli na mume aliyepungua sauti. Hakuna aliyekuwa tayari kumpenda, na kupendwa kungechukua muda ambao mvua isingempa. Hofu walimletea wenyewe, bure, mikononi. Akaipokea. Sehemu ya bei yake niliilipa mimi kwenye dawati la watu watatu, na sijui kama alilihesabu hilo alipoamua. Nilitaka kumuuliza. Nikamwona anajifuta macho kwa upindo wa kanga, yeye peke yake pale nje, akimlilia shemeji yake, nikaliacha swali lilivyo.